Motokaa Iliyokunywa Maji

  

Juma hili nataka tuzungumze habari ya kununua motokaa. Najua wako watakaocheka na kusema, "Karani naye! Sisi hata baiskeli hatuna, yeye atuletea habari za motokaa." Ngojeni kidogo. Siku hizi motokaa si kitu cha mabwana wakubwa peke yao. Watu watatu wanne wa kijiji huweka fedha pamoja, wakanunua gari moja iliyokwisha kutumika, ikapeleka mazao sokoni na wagonjwa hospitali. Ndiyo maana yafaa tujifunze. Tajiri akikosea katika kununua gari, husonya, akanunua nyingine. Mtu wa shamba akikosea, hujuta miaka kumi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Hapa Shumba, kaskazini ya Pemba, wako watu watatu waliokuwa wakiweka fedha pamoja muda wa miaka minne. Wa kwanza ni shemeji yangu, mkulima wa muhogo. Wa pili ni jirani yetu, mchuuzi wa samaki, Mwislamu, mtu wa maneno machache. Wa tatu ni dada yangu, mjane mwenye watoto wanne, alimaye mwani. Ninyi mkaao pwani mwaijua kazi hiyo: bamvua ikifika na maji yakitoka, mwanamke huingia baharini, akafunga miche kwenye kamba, akavuna, akabeba kichwani, akaanika, na mwisho wake hupata fedha kidogo. Wote watatu walikuwa wamefikisha shilingi milioni 9, na katika hizo milioni 2 zilikuwa za dada.

Shabaha yao ilikuwa kununua gari ya namna ile iitwayo Noah. Asubuhi ichukue samaki kutoka soko la Tumbe kupeleka Konde na Wete, na mchana ichukue abiria. Bei walikuwa wamekwisha kuuliza: gari nzuri ya namna hiyo ilitaka milioni 14 au 15. Kwa hiyo walikuwa bado wako mbali.

Ndipo akatokea mtu mmoja wa Unguja mjini, akasikia habari yao. Akawatumia picha kwa simu. Gari nyeupe, yang'aa kama yai. Bei yake milioni 8 na nusu! Shemeji akaja kwangu mbio mbio, maana yeye huniona mimi kuwa msomi. Nikachukua karatasi na kalamu, nikapiga hesabu kama nilivyofundishwa kule chuo cha ualimu: 15 utoe 8 na nusu, hubaki 6 na nusu. Nikamwambia, "Shemeji, hii ni faida ya milioni 6 na nusu kabla gari haijazungusha gurudumu. Nunueni."

Wasomaji wapenzi, naungama kosa langu mbele yenu. Hesabu yangu ya kutoa haikuwa na kosa. Kosa langu lilikuwa kuhesabu kabla ya kuuliza.

Aliyeuliza alikuwa mzee mmoja, fundi wa mashine za boti, ambaye siku ile alikuwa ameketi barazani akisafisha plagi kwa kitambaa. Akasikiliza mpaka tukamaliza kufurahi. Kisha akasema, "Mwanangu karani, umeniambia bei. Hukuniambia sababu. Kwa nini mtu auze kwa milioni 8 kitu ambacho wenziwe wauza kwa 15? Ana ndugu hapa Shumba?" Tukanyamaza. Shemeji akasema, "Labda ana shida ya fedha, mzee." Mzee akajibu, "Mwenye shida ya fedha hupunguza milioni moja, au mbili. Huyu amekata karibu nusu. Hebu twendeni tukaione."

Tukaenda watu watatu: shemeji, mzee fundi na mimi. Tukapanda meli Mkoani, tukashuka Malindi, Unguja. Nauli na chakula cha safari nzima vilitugharimu kama laki mbili, na shemeji akanung'unika njia nzima. Leo anasema kwamba laki mbili zile zilikuwa karo, maana alikwenda shule.

Gari kwa nje ilikuwa nzuri kweli. Mwenyewe akatupokea kwa heshima, akatuletea na soda. Mzee fundi hakuinama kutazama injini kwanza, kama tulivyodhani. Alifungua mlango, akaingiza kichwa ndani, akavuta pumzi, akapiga chafya. Manukato yalikuwa yamejaa humo kana kwamba bibi harusi ameketi. Kisha akashika mkanda wa kiti, ule ambao mtu hujifunga, akauvuta. Akavuta, akavuta mpaka mwisho kabisa, sehemu ile ambayo mtu haivuti siku zote. Pale mwisho tukaona mstari wa rangi ya chai, na juu yake kitambaa ni safi. Mzee akaushikilia mstari ule kwa kidole, akamtazama mwenye gari, wala hakusema neno.

Akaendelea. Akapitisha mkono chini ya kiti, katika vile vyuma ambavyo kiti huteleza juu yake. Mkono ukatoka mwekundu kwa kutu. Akafungua pembe ya zulia. Zulia lilikuwa jipya, na gari ina miaka zaidi ya kumi. Chini yake sifongo ilikuwa bado na unyevu, na mchanga mwembamba umekaa kwenye mishono ya bati. Akamwomba kijana mmoja bisibisi, akafungua kifuniko cha fyuzi karibu na miguu ya dereva. Baadhi ya vichwa vya waya vilikuwa vimeota ukungu wa kijani, kama sufuria ya shaba iliyosahauliwa uani.

Mwenye gari akakohoa kidogo. Akasema, "Kweli, ilipigwa na maji wakati wa masika. Lakini kidogo tu. Imekaushwa, imefanyiwa kazi yote."

Mzee akamwuliza kwa upole, "Maji yalifika wapi, mwanangu?"

"Hapa kwenye viti."

"Ilikaa siku ngapi majini?"

"Siku mbili hivi. Ilikuwa vigumu kupata wa kuivuta."

"Na aliyeijaribu kuiwasha ikiwa ndani ya maji ni nani?"

Hapo mwenye gari hakujibu.

Usiku ule, tulipokuwa tukingoja meli ya kurudi, nikamwomba mzee anieleze. Nami nawapeni maneno yake kama alivyosema, maana ni maneno ya mtu wa pwani, na kila mtu atayafahamu.

Alisema: "Mashine ya boti ikianguka baharini, twafanya nini? Saa ile ile twaitoa, twaiosha kwa maji baridi, twafungua plagi, twamwaga maji yaliyomo, twatia mafuta, twaiwasha ikauke. Tukifanya hivyo upesi, huishi. Ikikaa siku tatu, basi ifungie kamba uifanye nanga. Kinachoua mashine si maji peke yake. Ni maji na hewa pamoja, na siku kupita. Sasa hiyo mashine yangu ina waya ngapi? Chache, zahesabika. Gari yenu ina waya mamia, na zimefichwa ndani ya milango, chini ya mazulia, nyuma ya dashibodi. Nani aliziosha zile saa ile ile?"

Tangu siku hiyo nimeuliza mafundi wengine, na wote wanakubaliana naye. Maji yanayojaa mjini wakati wa mvua si maji safi ya mbinguni. Yana matope, mafuta ya barabarani na uchafu wa makaro. Yakiingia ndani ya injini wakati inazunguka, huvunja vyuma. Sababu yake ni hii: hewa yaweza kushindiliwa, lakini maji hayashindiliki. Pistoni ikipanda ikakuta maji, lazima kitu kipinde, na kinachopinda ni ile fimbo iishikayo, ambayo mafundi huiita konrodi. Yakiingia katika oili, oili huwa kama chai ya maziwa, haiwezi tena kulainisha. Yakiingia katika giaboksi, beringi, stata na alteneta, vitu hivyo huliwa kidogo kidogo. Tena gari za siku hizi zina kompyuta ndogo ya kuongoza injini, na pengine breki na mifuko ya hewa ya kuokoa watu katika ajali. Kutu ikiingia huko, gari yaweza kukwenda vizuri miezi mitatu, halafu taa zikazimika usiku mteremkoni. Ugonjwa huu hauonekani siku ya kununua. Huja baadaye, fedha zikiwa zimekwisha kulipwa.

Labda mtasema, "Haya ni mambo ya gari moja tu ya Unguja." Sivyo. Gari zilizozama zimekuwa nyingi duniani, na barabara zao nyingi huelekea kwetu watu wa fedha kidogo.

Gari nyingi tunazoziona Afrika ya Mashariki zatoka Japani, zikiwa zimekwisha kutumika. Nchi hiyo ilipigwa na wimbi kuu la bahari tarehe 11 Machi 2011, nasi sote tuliona katika picha jinsi magari yalivyochukuliwa kama makuti. Julai 2018 mafuriko makubwa yaliingia sehemu za magharibi za Japani, na Oktoba 2019 ikaja tufani. Kila mara magari mengi yalizama. Katika Falme za Kiarabu, ambako jamaa zetu wengi wanafanya kazi, na ambako magari mengi hupitia yakielekea Afrika, mvua ya tarehe 16 Aprili 2024 ilikuwa kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zilipoanza kuandikwa mwaka 1949. Karibu na Al Ain zilipimwa milimita zaidi ya 250 chini ya saa 24, na katika Dubai magari yaliachwa barabarani yamezama. Huko Marekani, tufani iitwayo Katrina ya mwaka 2005 ilizamisha magari malaki. Mengine yalisuguliwa yakauzwa kama mazima, na mengine yakasafirishwa mpaka Bolivia, Amerika ya Kusini. Ndivyo ilivyo: kile ambacho tajiri amekikataa humtafuta maskini wa mbali asiyejua habari zake.

Na kwetu je? Dar es Salaam ilifurika Desemba 2011, ikafurika tena Aprili 2018. Karakana ya mabasi ya mwendo kasi pale Jangwani imeingiliwa na maji mara kadhaa tangu huduma hiyo ianze mwaka 2016, na mabasi yakaharibika. Nairobi ilipata mafuriko makubwa Aprili na Mei 2024. Unguja nako, watu wanaikumbuka Mwanakwerekwe jinsi maji ya masika yalivyokuwa yakikata barabara. Katika kila mafuriko ya namna hiyo kuna gari zinazovutwa, zinazokaushwa juani, zinazooshwa, na kisha kuuzwa.

Mimi kazi yangu ni madaftari. Mtoto akibatizwa naandika. Watu wakifunga ndoa naandika. Mtu akihamia mbali, akitaka kuoa huko, hatutegemei maneno yake peke yake, twatafuta daftari. Lakini kadi ya gari tunayopewa huku yaonyesha mwenyewe, rangi, namba ya chesisi na mwaka wa kutengenezwa. Haisemi, "Siku fulani ilizama." Kwa hiyo lazima mnunuzi atafute daftari nyingine. Kama gari imetoka Japani karibuni, mwombe mwuzaji ile karatasi ya mnada yenye namba ya chesisi. Huko Japani wakaguzi huandika juu yake kasoro za gari, na kama iliingia maji huandikwa. Mwuzaji akisema karatasi hiyo imepotea, hilo nalo ni jibu. Litie katika hesabu yako.

Na kama karatasi haipo kabisa, basi gari yenyewe itakuambia, ukijua kuiuliza. Nayaandika hapa mambo ya kutazama, mkate ukurasa huu mwuweke.

Kwanza, nenda mchana, wala si usiku, wala si siku ya mvua ambapo kila kitu kimelowa. Mwambie mwenye gari asiiwashe mpaka ufike, upate kusikia jinsi inavyoamka ikiwa baridi.

Pili, funga vioo vyote, kaa ndani dakika tano, unuse. Harufu ya uvundo haifichiki kwa urahisi. Na manukato mengi mno yakufanye uulize zaidi, usifurahi.

Tatu, vuta mikanda yote ya viti mpaka mwisho. Tazama kama kuna mstari wa matope au rangi iliyobadilika. Mtu husahau kuiosha sehemu hiyo.

Nne, papasa chini ya viti na chini ya dashibodi. Skurubu zenye kutu ndani ya gari ni ushahidi mkubwa, maana mvua ya kawaida hainyeshi humo. Inua zulia. Zulia jipya katika gari kuukuu lataka maelezo.

Tano, fungua mahali pa tairi la akiba. Matope hupenda kujificha huko. Tazama pia taa kubwa za mbele. Kama ndani ya kioo kuna ukungu au mstari wa maji, uliza.

Sita, chomoa kile kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa nyeupe-nyeupe kama maziwa, shukuru, aga, uende zako. Fanya hivyo hivyo kwa oili ya giaboksi kama inapimika.

Saba, jaribu kila kitu kitumiacho umeme: taa zote, honi, vioo, vifuta mvua, redio, feni. Jaribu kimoja kimoja, kisha vyote pamoja. Washa ufunguo na utazame kama zile taa ndogo za hatari huwaka kisha zikazimika. Taa isiyowaka kabisa yaweza kuwa imeng'olewa ili usijue.

Nane, nenda na fundi wako mwenyewe, wala usitumie fundi wa mwuzaji. Mlipe hata kama hununui. Karatasi ya ukaguzi ni kitu chema, lakini yaeleza gari ilivyokuwa siku ile. Haiapi itakavyokuwa baada ya miezi sita.

Sasa huenda mtu akaniuliza, "Je, karani, gari iliyoingia maji haifai kabisa kabisa?" La, sisemi hivyo. Yako maji na maji. Kama yalifika kwenye magurudumu tu, hayakupita sakafu, na gari ilikuwa imezimwa, pengine hakuna dhara kubwa. Lori la zamani la dizeli lisilo na kompyuta yoyote, likifunguliwa upesi na fundi hodari, laweza kufanya kazi tena. Tena mwenye gereji aweza kununua gari iliyozama apate vipuri: milango, vioo, magurudumu. Mtu huyo anajua anachonunua. Lakini maji ya chumvi ni jambo jingine. Sisi watu wa Shumba hatuhitaji kufundishwa kwamba chumvi hula chuma usiku na mchana.

Juu ya bei, Wajapani wana kanuni ambayo tungefaa kuijua. Wathamini wa magari huko huiita gari kuwa imezama ikiwa maji yamepita sakafu ya ndani. Kisha hupunguza thamani yake: maji yakifika sakafuni hukata asilimia 30, yakifika juu ya makalio ya viti, asilimia 40, yakifika juu ya dashibodi, asilimia 50. Na hao ni watu wenye mafundi, vipuri na vyombo vya kupimia katika kila mji. Huku kwetu, ambako kifaa kimoja cha umeme huagizwa Dar es Salaam na kungojewa majuma mawili, huku gari imelala na samaki waoza, hasara ni kubwa zaidi. Kwa hiyo ile milioni 8 na nusu, niliyoiona kuwa zawadi, kumbe kwa gari iliyozama mpaka vitini ilikuwa kama bei yake tu. Ile faida niliyoiandika karatasini haikuwapo.

Sasa nirudi kwenye habari yetu. Tulipofika Shumba, tukaketi barazani kwa dada, wote watatu wenye fedha, na mzee fundi na mimi. Tukiwa katikati ya mazungumzo simu ikalia. Mwenye gari akasema, "Kwa kuwa mmekuja kwa wema, nawapeni kwa milioni 6." Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza!

Shemeji akasimama. "Milioni 6! Tuna 9. Tutaitengeneza kwa moja, kwa mbili. Ikitushinda, tutaipiga rangi, tutaipeleka Chake Chake, tutaiuza hata 11. Nani atajua?"

Kusema kweli, maneno yale yalipita moyoni mwangu pia, wala sikuyafukuza upesi.

Jirani yetu mchuuzi wa samaki, ambaye tangu mwanzo alikuwa amenyamaza, akasema, "Katika dini yetu, kuuza kitu chenye ila bila kuionyesha ile ila ni haramu. Samaki aliyelala siku mbili, nikimwambia mtu ni wa leo, fedha yake nimekula bure." Nikasema, "Nasi twafundishwa hivyo hivyo. Amri ya saba na amri ya nane zimekutana katika gari hii."

Shemeji akasema, "Basi tuiuze na tuseme kweli kwamba ilizama."

Mzee fundi akacheka. "Ukisema kweli, atakupa ngapi? Atakupa ile ile 6, na ile 2 ya matengenezo imekwisha kupotea."

Ndipo dada yangu akasema. Yeye si mwenye maneno mengi, na mikono yake bado ilikuwa na mikwaruzo ya kamba. "Nimewasikia wote. Mmoja wasema 'nani atajua'. Mimi nitajua. Huyo tutakayemwuzia kule Chake, naye labda ana dada alimaye mwani. Bamvua ngapi zimo katika fedha zake? Mimi milioni 2 zangu zibaki. Nitangoja."

Hapo mambo yakaisha. Hapakuwa na kura.

Msidhani kwamba siku ya pili tulisifiwa. Gari ile ilinunuliwa na mtu mwingine wa huku huku Pemba, na baada ya mwezi ikaanza kupita barabarani kwetu, nyeupe, imejaa abiria, yanguruma vizuri. Kila ilipopita, shemeji aliniangalia kwa jicho la pembeni. Majuma yakapita manane, tisa. Hata mimi nikaanza kujiuliza kama hatukuwa waoga. Mzee fundi akasema tu, "Ngojeni mvua ya vuli."

Vuli ilipofika, kioo cha upande mmoja kilikataa kupanda. Kisha stata ikafa, ikawa abiria hushuka wakaisukuma. Kisha ikaanza kuzimika njiani bila sababu, na fundi mmoja akabadili kitu hiki, mwingine akabadili kile, na ugonjwa haukujulikana. Siku moja nilimkuta mwenyewe ameketi kwenye jiwe kando yake, kofia mkononi. Sikufurahi, wasomaji. Nilimwonea huruma, maana alikuwa ameketi pale ambapo shemeji yangu angeketi. Mimi nilijua kwamba gari ile ilizama, wala sikumtafuta nimwambie kabla hajalipa. Kwa kweli sikujua anayenunua ni nani. Lakini pia sikuuliza. Nimejifunza hilo nalo. Ukiona ufa katika mtumbwi wa mtu, si vema kuketi ufukweni ukingoja uone utakavyozama.

Wale watatu bado hawana gari. Jirani yetu angali akilipa nauli ya samaki kila asubuhi. Lakini fedha zao zipo, zimefika milioni 11, na dada yangu alipopata kulipa karo ya mtoto wake mkubwa, alilipa bila kukopa. Shemeji naye amekuwa mwalimu wa kijiji. Mtu yeyote akimwonyesha picha ya gari katika simu, humwuliza, "Umeuvuta mkanda?"

Basi wapenzi, mtu akikuletea kitu kwa nusu ya bei, usianze kuhesabu faida kama nilivyofanya mimi. Mwulize kwanza sababu, kisha nenda ukaone kwa macho yako, na umchukue mzee mmoja anayejua kunyamaza.